Pasaka Herrnhut

Ukitaka kufika Herrnhut unapanda gari moshi kutoka Dresden hadi Löbau, kisha unaingia basi linalopita katikati ya mashamba. Mji wenyewe ni mdogo, uko pembeni kabisa mwa Ujerumani, karibu na mipaka ya Poland na Ucheki. Lakini sisi Wamoravian wa Mbeya na Rungwe jina hilo tumelisikia tangu shule ya Jumapili. Huko ndiko wakimbizi wa imani kutoka Moravia walikopewa mahali pa kukaa mwaka 1722 katika shamba la Bwana Zinzendorf, na miaka kumi tu baadaye wakaanza kutuma wamisionari ng'ambo. Rungwe walifika mwaka 1891.

Nilikwenda Pasaka ya mwaka 2025, pamoja na akina mama watano wa usharika wetu. Wenzangu walikuwa wageni wa kawaida. Mimi nilikuwa na barua mkobani.

Baba mdogo, mchungaji mstaafu, na mama mdogo walikuwa huko tangu Septemba kwa utumishi wa mwaka mmoja. Wote wamepita miaka 65. Kazi yao ilikuwa kuwatembelea wazee, kuomba nao, kukaa na watoto shuleni, na kuimba. Zamani wamisionari walitoka kule kuja kwetu wakiwa vijana. Sasa wazee wetu wanakwenda kule, watoto wakiwa wamekwisha kulelewa. Hivyo ndivyo tulivyodhani, kwamba wamekwisha kulelewa. Kitinda mimba wao alikuwa na mimba yake ya kwanza, anatazamia kujifungua Juni, na barua ile ilikuwa yake. Alikuwa amenisomea kabla ya kuifunga. Alimwomba mama yake arudi.

Kwetu Aprili ni mvua na matope, mahindi yamesimama. Huko ni majira ya kuchipua. Miti iliyokuwa kama kuni kavu kwa miezi mitano inatoa majani madogo laini, na micheri inachanua maua meupe kabla watu hawajavua makoti. Mama mdogo aliniambia kwamba mwezi wa Februari alikuwa ameanza kuamini miti yote imekufa. Nilimpima presha siku niliyofika: 140 kwa 85, si mbaya kwa umri wake. (Akina mama mnaowasindikiza wazazi safari ndefu, waandikieni majina ya dawa zao kwenye karatasi, jina la dawa yenyewe, si la kiwanda tu, na kipimo chake. Baba mdogo aliokolewa na karatasi ya namna hiyo vidonge vilipomwishia Novemba.)

Barua aliisoma jikoni, amesimama. Akaikunja, akaiweka chini ya kopo la chumvi, akaendelea kumenya viazi.

Siku ya Pasaka tuliamshwa na tarumbeta zikipita mitaani usiku wa manane. Tulikusanyika kwenye ukumbi wa kanisa. Ni chumba kikubwa cheupe, mabenchi meupe, hakuna madhabahu ya fahari, meza tu. Uliteketea Mei 1945, vita ikimalizika, ukajengwa upya. Kutoka hapo tukapanda polepole, bado giza, mpaka makaburini, mahali wanapopaita Shamba la Mungu. Ibada hii ya alfajiri imefanyika tangu mwaka 1732, na ndiyo iliyozaa ibada yetu ya makaburini nyumbani. Jua lilipochomoza, kama saa kumi na mbili hivi, tarumbeta zikaitikiana, nami nikaona mawe.

Mawe yote yamelala chini, yanafanana, awe fundi seremala au askofu. Wanaume wamezikwa upande mmoja na wanawake upande mwingine. Katikati tu ndipo yalipo makaburi makubwa ya Zinzendorf na jamaa yake. Yumo mkewe Erdmuthe, aliyefariki mwaka 1756. Alizaa watoto 12 na wengi wao akawazika. Mumewe alipokuwa safarini miaka na miaka, yeye ndiye aliyesimamia fedha na madeni ya nyumba ile. Vitabu vinamsifu sana Zinzendorf. Mimi kama mama nilisimama zaidi upande wa Erdmuthe.

Zamani dada za Herrnhut walivaa kofia zenye utepe: wasichana wekundu, waseja waridi, wenye ndoa buluu, wajane mweupe. Utepe wa buluu uliwapeleka wengi Greenland, Suriname na Afrika Kusini. Huko walizaa, na watoto walipofikia umri wa shule waliwarudisha Ujerumani. Wengi waliwekwa bweni Kleinwelka, karibu na mji wa Bautzen. Mtoto wa miaka saba hivi alipandishwa meli, na barua zilichukua miezi. Wengine hawakuwaona tena wazazi wao. Nimesikia wahubiri wakiisimulia habari hii kama ushujaa mtupu. Sikubaliani nao. Injili ilifika, na namshukuru Mungu kwamba ilifika Rungwe, lakini kuna watoto waliolipa bila kuulizwa.

Jumatatu ya Pasaka mama mdogo alinichukua kwenye nyumba ya wazee. Kuna bibi mmoja pale, amepita miaka 90, aliyekuwa akimfundisha kufuma. Mama mdogo akamweleza habari ya mimba, kwa Kijerumani chake cha miezi saba na mikono. Bibi yule akasikiliza. Kisha akasema kwamba nyanya yake alizaliwa Suriname na kulelewa bweni Kleinwelka. Mama yake alipokuja kumwona baada ya miaka tisa, yule msichana alimwamkia kama mgeni. Akanyamaza, akahesabu mishono, akauliza: "Ndege inachukua muda gani?"

"Ukijumlisha na kungoja, siku moja," nilimjibu.

Usiku ule wazee wangu walizungumza hadi saa sita. Nilikuwa chumba cha pili na kuta ni nyembamba. Baba mdogo alisema walitumwa wawili, na mtu hashiki jembe akatazama nyuma. Mama mdogo akasema yeye hatazami nyuma, anatazama Juni. Baba mdogo akasema nani atampikia. Hapo nilisikia mama mdogo akicheka, kwa mara ya kwanza tangu barua ile.

Asubuhi, baada ya kusoma Neno la siku, baba mdogo aliomba kalamu. Aliandika kwenye karatasi: maharage, saa ngapi? Ugali wa unga wa ngano, unashika?

Mama mdogo alirudi Mbeya katikati ya Mei, na blanketi aliyofuma na yule bibi, nusu yake, nusu ya mwenzake. Mtoto alizaliwa wiki ya kwanza ya Juni, wa kike, kilo 3.1. Bibi yake ndiye aliyemwogesha siku zote arobaini. Baba mdogo alimaliza utumishi wake Septemba, akarudi amepungua kilo nne, na maharage yake yanaiva vizuri.