Seki, Mji wa Visu

Mgeni afikaye Seki, katika mkoa wa Gifu nchini Japani, huelezwa habari za mto kabla ya habari za chuma. Mto Nagara hupita hapo, na husimuliwa kuwa wahunzi wa kale waliupenda mji huu kwa maji yake safi, udongo wake mwema na makaa ya misonobari. Kwa karne nyingi palifuliwa panga za samurai. Mwaka 1876 serikali ikapiga marufuku kuvaa panga hadharani, na mafundi wakageukia visu, mikasi na nyembe.

Kazi imegawanywa mitaani: karakana hii hukata chuma, ile hukipasha moto na kukipoza, nyingine hunoa, nyingine hutia mipini. Kwa mpangilio huo Seki imeweza kuunda kwa wingi visu vilivyobuniwa na mafundi wa mbali.

Mmoja wao ni Bob Loveless wa Riverside, California, aliyefariki mwaka 2010. Katika miaka ya 1950 alitaka kununua kisu cha mwindaji huko New York, akaambiwa asubiri miezi. Akaamua kujitengenezea mwenyewe kwa chuma cha springi ya gari kuukuu. Baadaye ni wateja wake waliosubiri, tena miaka, na kulipa maelfu ya dola. Kampuni ya Beretta ya Italia ikauza visu vya umbo lake vilivyoundwa Seki, navyo mtu wa kawaida angeweza kuvimudu.

Je, mnunuzi hupata nini? Hupata fikra ya fundi. Ni kisu kisichokunjwa, ambacho mgongo wake huteremka taratibu hadi ncha ikae chini kidogo, ili mwenye kuchuna asitoboe matumbo ya mnyama. Aliyewahi kupasua mbuzi wa Idd na kuchafua nyama yote anaijua thamani ya mteremko huo mdogo. Kinachopungua ni mkono wa fundi. Loveless alikipunguza unene chuma kilichomo mpinini kuelekea mwisho, kisu kikae sawa kiganjani. Viwandani mara nyingi chuma hicho huachwa kinene, kwani saa za kukisaga zina gharama.

Kwa mizani yangu, umbo ndilo lenye uzito zaidi. Mng'aro wa kisu cha maelfu ya dola aghalabu huishia kabatini, na kisu kisichokata ni pambo tu. Ila iwepo idhini. Kiwanda kinachomlipa mbunifu na kuandika jina lake kwenye bapa hakilingani na kile kinachonakili umbo kimyakimya, hata chuma kikiwa kimoja. Haki ya jasho haipungui kwa sababu bidhaa ni rahisi.

Kila mwaka Seki hufanya tamasha la visu. Wanunuzi hupita vibandani wakifumbata mpini huu na ule, kisha ndipo huuliza bei.