Rubisi ya Mtama Mpya



Mtakatifu Hildegarda wa Bingen, abesi Mjerumani wa karne ya 12 ambaye Papa Benedikto XVI alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa mwaka 2012, aliandika pia juu ya mimea. Katika maandishi hayo anaueleza mmea wa hopi, ule unaoipa bia uchungu wake, na anasema kwamba uchungu huo hukifanya kinywaji kikae muda mrefu bila kuharibika. Bia ya chupa tunayoiona madukani imejengwa juu ya jambo hilo. Inasafirishwa, inawekwa ghalani, inamsubiri mnywaji.

Siku hizi watengenezaji wadogo wa bia huko Ulaya na Marekani wana desturi ya kupika, mara moja kwa mwaka, bia ya hopi mbichi iliyochumwa siku hiyohiyo au jana yake. Watu huingoja kwa hamu kwa sababu msimu ukipita, imepita. Sisi tuliozaliwa Karagwe na Kyerwa hatuhitaji kufafanuliwa sana hamu hiyo. Kwetu kuna rubisi ya mtama mpya. Tofauti ni kwamba rubisi haina hopi kabisa. Hakuna kitu ndani yake cha kuizuia kuchacha.

Likizo iliyopita, mafrateri wanne wa Jimbo la Kayanga, tulimtembelea mzee mmoja upande wa Nkwenda, wilayani Kyerwa, ambaye ametengeneza rubisi tangu ujana wake. (Kwa wanaojiuliza kuhusu kanuni: paroko alijua tuliko, na kila mmoja alipata kikombe kimoja.) Tulifika Jumamosi, ndizi zikiwa zimeshafukuliwa. Kazi ilikuwa imeanza siku nyingi kabla: embiire zilizokomaa, yaani ndizi za pombe na si za kupika, ziliwekwa kwenye shimo lililopashwa moto na kutandikwa majani ya mgomba, zikafukiwa mpaka zikaiva. Shimo likipata joto kidogo mno, ndizi hubaki na utomvu. Likizidi, zinaoza. Mzee hana kipimajoto. Anaweka mkono wake juu ya udongo, anasubiri kidogo, anajua.

Ndizi zilimenywa na kutiwa katika mtumbwi wa mti uliochongwa, na vijana wawili wa nyumba hiyo, miguu imeoshwa vizuri, wakaanza kuzikanyaga pamoja na majani makavu. Mwanzoni hutoka uji mzito tu, na mtu asiyejua angesema kazi imeharibika. Halafu, ghafla, majani yanashika makapi na maji matamu yanajitenga. Huo ndio mramba. Watoto walikuwa wameshapanga vikombe. Jirani mmoja Mlutheri, mtu wa uamsho asiyegusa pombe, alikuja na jagi lake akajaziwa, akaondoka na baraka.

Mramba uliobaki ulipimiwa maji, ukarudishwa mtumbwini, ukanyunyiziwa mtama uliokaangwa na kusagwa. Ulikuwa mtama wa mavuno ya wiki hizo. Ukipita nje ya jiko ulisikia harufu yake kama ya kahawa inayokaangwa. Kisha mtumbwi ulifunikwa kwa majani ya mgomba, na watu wakaenda kulala. Sisi wa falsafa tulitaniana kwamba Aristotle angefurahi kulala hapo, aone uwezekano unavyogeuka kuwa tendo bila mtu kugusa kitu. Usiku, ukikaribia mtumbwi, unasikia sauti ndogo kama ya mvua inayoanza.

Jumapili baada ya Misa ya pili, mzee alifunua. Alichota, akanywa yeye kwanza mbele yetu sote, kama desturi inavyomtaka mwenye nyumba, ndipo akampa aliyekuwa mkubwa wetu kwa umri. Rangi ni ya udongo mwekundu uliolowa. Juu kuna povu na chembe za mtama ambazo huna budi kuzipuliza pembeni. Kinachotangulia ni utamu wa ndizi, lakini umepungua, umekomaa; kinafuata kitu kinachochoma ulimi kidogo; na mwisho, wakati umeshameza, moshi wa ule mtama unabaki kooni kwa muda. Mtama wa zamani hautoi moshi huo. Tunasema hivi bila aibu ya kujisifia kwao: ni kinywaji kizuri sana.

Mmoja wetu hakuonja. Kaka yake aliharibiwa na pombe kali, na yeye ameweka nadhiri yake binafsi. Mzee hakumuuliza sababu. Alimletea mramba aliokuwa amemtengea tangu jana, kana kwamba alijua kila kundi la watu wanne lina mmoja wa namna hiyo.

Ilipofika saa nane mchana ua ulikuwa umejaa, na hatukusikia mtu akialikwa. Alikuja katekista, wakaja wanajumuiya, akaja mama mjane ambaye kibuyu chake kilijazwa kabla ya wazee kujaziwa. Tulimwuliza mzee kama hapotezi, maana nusu ya mtumbwi ilikuwa imekwenda bure. Alijibu, “Wanangu, kesho kutwa itakuwa siki. Nimfungie nani?”

Jibu hilo tumelibeba mpaka seminarini. Rubisi siku ya kwanza ni tamu, ya pili ina nguvu, ya tatu imeanza kuchacha. Huwezi kuiwekea akiba. Katika kitabu cha Kutoka mana ilikuwa hivyohivyo: aliyejaribu kuilaza mpaka asubuhi alikuta mabuu. Kinywaji kinachokaa kinaweza kunywewa na mtu mmoja, chumbani, mlango umefungwa. Kisichokaa kinahitaji majirani, nao wakishakuja wanamwona mnywaji, wanajua amekunywa kiasi gani na nani anamsubiri nyumbani. Mtakatifu Thoma wa Akwino anauliza katika Summa kama matumizi ya divai ni haramu kabisa, anajibu kwamba si haramu, ila yaweza kuwa mabaya kutokana na hali ya mnywaji, kuvuka kiasi, au makwazo kwa wengine. Katika ua ule mambo hayo matatu yalikuwa na walinzi, na walinzi hao walikuwa watu.

Tusifiche upande wa pili. Ipo njia ya kuifanya rubisi ikae: kuichemsha na kukinga mvuke wake. Hapo inakuwa gongo. Gongo inakaa mwaka mzima, inabebwa kwenye dumu la lita tano, inauzwa kwa kikombe kidogo, na haihitaji mtu mwingine. Ni kinyume cha sheria, na kila mtu anajua inakopatikana. Tumeshika mikono ya vijana wa rika letu ambayo hutetemeka asubuhi. Tukisikia mahubiri yanayoweka rubisi na gongo katika kapu moja tunaelewa huruma iliyo nyuma yake, lakini hatukubaliani nayo. Aidha, wengi wetu karo ya shule ililipwa na kahawa, na kahawa ilipokuwa haijanunuliwa, ililipwa na mtumbwi. Ni vigumu kumdharau aliyekusomesha.

Wakati mwingine swali huja hata darasani: kama divai ni tunda la mzabibu na kazi ya mikono ya wanadamu, kwa nini altareni isiwekwe kazi ya mikono ya Wanyambo? Padre Jean-Marc Ela wa Kamerun aliuliza jambo kama hilo kuhusu mtama wa watu wake. Kanisa limejibu wazi: kanuni ya 924 inataka divai ya asili itokayo katika tunda la mzabibu, na isiyoharibika. Tunalipokea jibu hilo kwa utii, na si kwa manung'uniko, kwa sababu Bwana alishika kikombe fulani, usiku fulani, mahali fulani, wala hatukuwa sisi wa kumchagulia. Divai yetu inatoka Dodoma au ng'ambo, na inatosha. Lakini kutokuwepo altareni hakuifanyi rubisi kuwa kitu cha nje ya lango la Kanisa. Mama mjane yule alikuwa ametoka kukomunika saa nne kabla ya kibuyu chake kujazwa kwanza, na sisi hatuoni mpaka ulipo kati ya mambo hayo mawili.

Kinachotutia hofu zaidi kwa sasa ni mnyauko. Ugonjwa huu wa bakteria uliripotiwa mkoani kwetu mwaka 2006, na ndizi za pombe ziko hatarini kwa sababu wadudu wanaotembelea ua dume huubeba kutoka mgomba hadi mgomba. Majani yananjano, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukikata shina linatoa usaha. Hakuna dawa. Mzee alituonyesha upande wa shamba lake ambako embiire zote ziling'olewa, pamepandwa maharage. Mtumbwi wake, alisema, zamani ulijaa mara mbili kwa mwezi.

Jumatatu tulibaki kumsaidia. Ua dume haukatwi kwa panga, maana panga hubeba ugonjwa. Unavunjwa kwa mti mrefu wenye panda, ukisokotwa mpaka ukatike. Panga la kung'olea mgonjwa linachomwa motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Tulivunja maua mpaka shingo zikauma. Mjukuu wake wa miaka kumi alikuwa na kasi kuliko sisi wote, akituonyesha migomba tuliyoiruka. “Frateri, ule pale.”