Kaseti ya mama iliyorudi Ujiji

Kigoma. Reli ya Kati inaishia hapa. Abiria aliyepanda treni Dar es Salaam hushuka kwenye stesheni iliyojengwa enzi za Wajerumani, na akitoka nje tu anakuwa jirani na Ziwa Tanganyika, lenye kina cha karibu mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal.

Barabara inayopanda kutoka stesheni inakufikisha Mwanga, penye maduka, bajaji na mafundi wa kila aina. Wengi wao siku hizi wanatengeneza simu. Wachache bado wanafungua redio, na kwenye kibanda cha mmoja wao alifika mzee kutoka Ujiji akiwa amebeba redio kaseti ya National yenye spika mbili, imefungwa kwenye kanga. Kaseti yenyewe ilikuwa mfukoni mwa shati.

"Shikamoo mzee. Tuiuze au tuitengeneze?" aliuliza fundi.

"Marahaba. Redio sina haja nayo sana," alijibu. "Nina haja na kilichomo kwenye kaseti hii. Ni mama yangu."

Waliozaliwa karibuni wanahitaji kuelezwa. Kampuni ya Philips ilileta kaseti ndogo mwaka 1963, na baadaye familia nyingi za Afrika Mashariki ziligundua kwamba haikuwa ya muziki tu. Mtu asiyejua kuandika aliweza kukaa mbele ya redio ya jirani, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akasalimia ukoo mzima. Kaseti ilipewa msafiri, na yule aliyeipokea aliisikiliza mpaka akaijua kwa moyo.

Mzee huyu alikuwa kijana wa kazi bandarini Dar es Salaam miaka ya 1980 alipopokea yake kwa treni. Mama alishafariki. Kijana akastaafu, akarudi nyumbani Ujiji na kaseti ikiwa kwenye sanduku. Dada yake, anayekaa naye sasa, hakuwahi kuisikia.

Fundi aliipokea redio, lakini kaseti akairudisha. "Kaa nayo kwanza mzee. Hii mashine ikila utepe, hatuna mama mwingine."

Hilo ndilo kosa la wengi. Wanapata redio ya zamani, wanaichomeka kwenye umeme, wanatumbukiza kaseti waliyoihifadhi miaka 30. Redio inakula utepe ndani ya dakika moja. Mashine hujaribiwa kwa kaseti isiyo na thamani, na ya thamani inaingia mwisho.

Kifuniko cha nyuma kilipofunguliwa, betri zilikuwa bado mle ndani. Zilikuwa zimevimba na kutoa unga mweupe na wa kijani uliokula chuma cha kushikia betri. Mzee aliinama apulize, fundi akamzuia kwa mkono.

Alifanya vizuri. Majimaji na unga wa betri iliyovuja huunguza ngozi na macho, na ukipuliza unarudi usoni kwako. Vaa glavu, futa kwa kitambaa chenye unyevu, kisha kausha. Ukikuingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, halafu nenda hospitali. Hata ile tabia ya zamani ya kung'ata betri ili ipate nguvu haikuwa salama.

Kigoma ina mfano wake wa namna ya kuhifadhi chombo. Meli ya Liemba ilijengwa Ujerumani, ikaletwa kwa vipande na kuunganishwa hapa, ikashushwa ziwani mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isije ikaangukia mikononi mwa adui, lakini kabla ya hapo mafundi wao walizipaka mashine grisi nene. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 mashine zilikuwa zinafaa, na mwaka 1927 ikaanza safari tena kwa jina la Liemba. Redio haihitaji grisi yote hiyo. Inahitaji kutolewa betri kabla ya kuwekwa kabatini.

Kazi ilichukua siku mbili. Mpira unaozungusha mashine ulikuwa umeyeyuka kama lami, ukanata kila mahali. Fundi aliukwangua, akasafisha kwa pamba na spiriti, akatafuta mpira mwingine kwenye boksi lake la mabaki ya redio zilizokufa. Akasugua hedi, ile sehemu inayosoma utepe, pamoja na kigurudumu cha mpira kinachoubana.

Watoto wa jirani walisogea kuangalia alipowasha pasi ya kuchomelea. Aliwafukuza. Waya mwingi wa kuchomelea una madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa ubongo wa mtoto na kwa mjamzito. Mwenyewe alikuwa amekaa mlangoni penye upepo, na hakugusa chakula chake mpaka aliponawa kwa sabuni.

Ilibaki kasi. Utepe wa kaseti unatakiwa kupita kwenye hedi sentimita 4.76 kwa sekunde. Ukienda haraka, mama anaongea kama mtoto; ukienda polepole, anaongea kama mwanamume. Fundi aliweka kaseti ya dansi anayoifahamu vizuri, akazungusha skrubu ndogo nyuma ya mota kidogo kidogo mpaka mwimbaji akarudi kwenye sauti yake.

"Usiku, nyumba ikitulia, wekeni simu karibu na spika mrekodi," alimwambia mzee. "Mrekodi mara ya kwanza kabisa. Utepe wa zamani unaweza kukatika, na mara ya pili isiwepo."

Kutoka Mwanga hadi Ujiji ni mwendo mfupi kwa daladala. Wageni huja kuona mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Wengi wanakumbuka salamu yao, lakini Stanley alimletea pia mfuko wa barua zilizokuwa zimekwama Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo. Barua kuchelewa si jambo geni Ujiji.

Usiku ule nyumbani kwa mzee feni ilizimwa, watoto wakanyamazishwa. Mpwa wake wa kike aliweka simu mbele ya spika. "Tayari, Mjomba."

Kwanza ulisikika mvumo, kisha jogoo, kisha mtu akitwanga kwa mbali. Halafu mama akaanza. Alisalimia, akataja wagonjwa na waliopona, akasema migebuka imeadimika, akamuuliza mwanawe kama anakula. Dada alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kanga. Mama akamtaja kwa jina, akasema, "Na huyu dada yako, nakuomba..."

Muziki wa dansi ukaingia. Tarumbeta, gitaa, mpaka mwisho wa upande ule.

"Nani amerekodi juu yake?" aliuliza mpwa.

"Mimi," alisema mzee. "Kutoka redioni. Nilikuwa kijana."

Dada alimgeukia. "Lakini Kaka, wewe uliisikia yote. Aliniombea nini?"

Mzee alikaa kimya muda mrefu. "Aliomba nikuchukue Dar usome. Alisema una akili kuniliko. Mshahara ulikuwepo. Nikasema mwakani, na mwakani ikapita."

Hakuna aliyesema kitu. Nje pikipiki ilipita ikaishia. Dada alifuta uso kwa kanga.

"Mimi nilidhani Mama hakuona umuhimu," alisema. "Miaka yote hii nilidhani hivyo." Kisha akamwambia binti yake, "Rudisha nyuma. Pale anaponitaja."

Walisikiliza mara tatu. Sauti iliingia kwenye simu, na kabla ya kulala ilikuwa imetumwa kwa wajukuu wa Kasulu, Tabora na Dar es Salaam.

Mzee alitoa betri zote kwenye redio. Halafu akachukua kisu na kuvunja vile vipande viwili vidogo vya plastiki kwenye mgongo wa kaseti, ambavyo vikishatoka kitufe cha kurekodi hakibonyezeki tena. Akampa dada yake kaseti aitunze yeye.