Pijo ya Malindi

Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, mtu wa Malindi aliyetaka kufika Mombasa alichagua basi au Pijo. Basi lilikuwa la wenye mizigo na subira. Pijo ilikuwa ya wenye haraka, ingawa haraka yenyewe iliishia Kilifi, maana feri haikujali umepanda nini. Gari liliteremka hadi ukingoni mwa maji, likazimwa, abiria tukashuka kununua korosho, na dereva akafungua boneti kuipa injini hewa. Sisi watoto tulimzunguka. Alitufukuza, lakini si kwa nguvu. Nadhani alipenda kutazamwa.

Pijo hizo zilikuwa Peugeot 504 za steshenwagoni, zenye safu tatu za viti. Kiti cha nyuma kabisa kilikuwa cha watoto na watu wembamba, kwa sababu ukikaa hapo magoti yanakaribia kidevu. Tulipakiwa wengi kuliko alivyokusudia mhandisi yeyote wa Peugeot kule Sochaux, na juu ya keria kukawa na magunia, baiskeli, na siku nyingine mbuzi mzima mzima. Nayataja haya kwa sababu vijana wanaokuja nyumbani kuliangalia gari langu la aina hiyo hiyo hudhani nimenunua anasa ya wazungu wa zamani. Wapi! Hili lilikuwa matatu.

Heshima ya Pijo haikuletwa na matangazo. Ile 404 iliyoitangulia ilishinda Safari Rally mwaka 1963, mwaka ambao magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho, kisha ikashinda 1966, 1967 na 1968 mfululizo. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, aliyetokea Dar es Salaam, kwa hiyo hata ndugu zetu wa ng'ambo ya Lungalunga waliona sifa hiyo ni yao. Zamu ya 504 ilifika 1975, Ove Andersson akiwa kwenye usukani. Huko Ulaya ilikuwa imeshatajwa Gari la Mwaka 1969, lakini hilo halikuwa na uzito wowote stendi ya Malindi. Kilichokuwa na uzito ni kwamba gari lililotoka kwenye tope la mashindano lilikuwa ndugu wa damu wa lile uliloliona likisubiri feri. Na nyingi ziliunganishwa humu humu nchini, kazi iliyoendelea miaka mingi baada ya Wafaransa wenyewe kuacha kuliunda kwao.

Steshenwagoni ilikuwa na springi nne nyuma, mbili kila upande, na ndiyo maana mbuzi na magunia hayakuishinda. Injini ilikuwa ya kueleweka: bloku ya chuma, hedi ya alumini, kabureta moja, platini, basi. Fundi yeyote mwenye akili timamu na spana za kutosha aliweza kuifungua chini ya mti na kuirudisha barabarani.

Kisha daraja likaja, na feri ikaondoka na adabu yake ya kupanga foleni. Barabara ilipokuwa haisimami tena, hesabu ya biashara ilibadilika. Nissan na HiAce zilibeba watu kumi na wanne kwa kuhesabu vizuri, ishirini kwa kuhesabu kimatatu, na mafuta yaliyotumika hayakuwa mara mbili ya Pijo. Mwenye gari haoni haya mbele ya hesabu kama hiyo. Miaka hiyo hiyo milango ya mitumba ya Japani ilifunguka, na mtu aliyekuwa akitamani Pijo ya zamani akapata Corolla yenye redio. Kufikia kanuni mpya za matatu za mwaka 2004, za mikanda na vidhibiti mwendo, Pijo za abiria barabara yetu zilikuwa zimekwisha zenyewe, bila kufukuzwa na mtu.

Zilirudi mashambani. Zikabeba madafu, makuti na mitungi ya maji. Nyingine ziling'olewa injini zikavalishwa za Toyota, jambo ambalo mafundi wengi waliliona kuwa ni busara na mimi naliona ni msiba, ingawa nakiri waliotaka kufika sokoni hawakuwa na nafasi ya maombolezo. Mwisho wakaja wanunuzi wa chuma chakavu na mizani zao.

Langu nililipata Mazeras, nyuma ya mashine ya kusaga unga. Mwenyewe alinitajia bei kwa kilo. Hakuwa anatania: jirani yake alikuwa amekwisha kuuza la kwake hivyo hivyo. Mimi ni mwalimu wa hesabu, sijasomea ufundi, na nilichokuwa nacho ni sanduku la spana, kitabu cha matengenezo kilichochakaa, na ua wa nyumba yetu Changamwe wenye kivuli cha mwarobaini. Lilipofika likivutwa kwa kamba, mama mkwe alilizunguka kimya, akabonyeza mlango mmoja kwa kidole, kutu ikadondoka. Akasema, "Mwanangu, hili limekula chumvi kunishinda mimi."

Alisema kweli kwa maana zote. Pwani chuma hakifi kwa mwendo, hufa kwa hewa. Kingo za chini ya milango zilikuwa zimeoza kwa ndani, na fundi wa bodi aliyepita zamani alizifunika kwa puti nene, akapiga msasa, akapaka rangi, akalipwa. Dawa yake ni sumaku: unaipitisha taratibu juu ya bodi, na pale inapokataa kushika, chini yake ni puti nene. Nilizungushia chaki kila mahali palipokataa. Nilipomaliza, gari lilionekana limechorwa ramani ya visiwa.

Nia yangu wakati huo ilikuwa moja: kulirudisha lilivyotoka kiwandani. Kitabu kilikuwa na picha, na kila kilichotofautiana na picha nilikiandika kwenye daftari ili kiondolewe. Orodha ikawa ndefu. Sakafu ya upande wa dereva ilizibwa kwa bati la pipa la mafuta, na herufi za pipa bado zilisomeka ukiinua kapeti. Katikati ya mizunguko ya springi za nyuma palipachikwa vipande vya tairi, ili gari lisichuchumae likishapakiwa. Kabureta ilikuwa ya Nissan, imefungwa juu ya kibati kilichokatwa kwa mkono na kupigwa tupa mpaka kikakaa. Na feni ilikuwa haizunguki kama ilivyoandikwa kitabuni.

Feni hiyo inastahili maelezo, kwa sababu ndiyo iliyonibadilisha. Peugeot waliifunga kwa klachi ya sumaku ya umeme. Injini ikiwa baridi, feni haiendeshwi. Maji yakipata moto kiasi fulani, swichi kwenye mfumo wa maji hupitisha umeme, sumaku ikanasa, feni ikaanza kazi. Ni wazo zuri: injini hupata joto upesi asubuhi, mafuta yanaokolewa, kelele inapungua. Kwenye langu sumaku ilikuwa imekufa zamani na feni imekazwa moja kwa moja, inazunguka kuanzia unapowasha hadi unapozima. Niliiandika ya kwanza kwenye orodha.

Aliyenisaidia kazi za injini ni mzee aliyekuwa fundi wa Pijo za abiria enzi zake, na ambaye sasa hutengeneza jenereta ili mkono usahau polepole, kama anavyosema mwenyewe. Alikuja Jumapili baada ya chakula cha mchana, akiwa na kikoi na redio ndogo. Mimi namwita mzee, yeye ananiita mwalimu, na katika hilo la pili kuna dhihaka kidogo.

Siku tulipofungua hedi, jambo la kwanza alilofanya lilinishangaza. Kabla ya kugusa chochote kingine alichukua bolti, akazivalisha washa kubwa, akazirudisha kwenye matundu ya hedi na kuzikaza juu ya midomo ya silinda. Katika injini hii silinda hazikutobolewa kwenye bloku. Ni slivu nne zinazosimama ndani ya maji, zikizibwa kwa chini, na kinachozishikilia zisiinuke ni hedi yenyewe. Ukishaiondoa kisha ukazungusha injini, pistoni huzivuta slivu juu, muhuri wa chini unaachia, na baadaye maji yanaingia kwenye oili. "Wengi wameua injini nzima hapa," alisema, "kisha wakailaumu gasketi."

Baada ya kuzibana alipitisha ukucha wa kidole gumba kutoka kwenye bloku hadi kwenye mdomo wa kila slivu. Lazima kila moja ijitokeze juu ya bloku kidogo mno, chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, la sivyo gasketi haibanwi. Alifika ya tatu akasimama. "Hii imezama." Akaipitia na ya nne, kisha nikaleta rula ya chuma na fila geji. Ya tatu ilikuwa imezama kweli. Na ya nne pia, ambayo ukucha ulikuwa umeipitisha. Akaangalia kidole chake, akasema kucha nazo huzeeka.

Hedi tuliipeleka kwenye mashine ikasawazishwe, kwa sababu alumini ikipata moto wa kupita kiasi hupinda. Ndipo nilipomwambia nina mpango wa kuitafuta sumaku mpya ya feni. Akazima redio.

"Mwalimu, hapa Mombasa ni saa ngapi injini haitaki upepo?"

Nikamweleza habari ya mafuta na kelele. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zote. Kisha akaniuliza nani alikuwa akipandisha mlima wa Mazeras mwezi wa pili, abiria tisa ndani na magunia juu, swichi imeshikwa na kutu ya chumvi, na sumaku inangoja kuambiwa. Hedi ngapi zilipinda, mwalimu, kabla hatujakaza feni? Walioikaza hawakuwa wavivu. Walikuwa wamehesabu, na hesabu yao ilikuwa ya mahali hapa. Ya kitabu ilikuwa ya mahali penye theluji.

Tangu siku hiyo nililisoma upya daftari langu. Baadhi ya mambo niliyaondoa bila huruma. Bati la pipa lilikuwa limeoza, nikaweka jipya la unene unaostahili na kulichomelea kote. Vipande vya tairi vilitoka, kwani mimi sibebi mbuzi. Puti yote ilikwanguliwa, kingo zikatengenezwa upya, na ndani yake nikapuliza oili chafu, dawa ya bei rahisi kuliko zote za chumvi. Lakini feni imebaki imekazwa. Kibati cha kabureta nacho kimebaki, kwa sababu kila nilipokishika niliona alama za tupa na sikupata sababu ya kuvitupa vidole vya mtu yule. Rafiki mmoja hunishawishi nilipeleke gari Nairobi, kwenye Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, ambako waamuzi huchungulia hadi uvunguni. Najua watakachosema wakiiona feni. Nina jibu, ila ni refu, na lina mlima ndani yake.

Upatikanaji wa spea nao umegeuka kichwa chini. Zamani ulikwenda dukani Mwembe Tayari, ukaweka kifaa kibovu juu ya kaunta, na muuzaji akaingia nyuma akatoka na kipya bila kuuliza neno. Sasa ukimwambia kijana wa kaunta unataka mihuri ya slivu ya 504, anakuuliza mwaka wa gari, kisha anacheka. Vingine nilivipata Nairobi, Barabara ya Kirinyaga ambayo wazee bado wanaiita Grogan, vikashuka kwa basi la usiku. Gasketi zilitoka Ufaransa kwa posta, na ushuru ukakaribia bei ya gasketi zenyewe. Ajabu ni kwamba kwa simu, nikiwa nimekaa chini ya mwarobaini, naweza kuona muhuri ulioko upande wa pili wa dunia, lakini hakuna tena mtu wa kuushika mkononi na kuniambia huo ni wa feki.

Na usifikirie unaweza kuagiza gari zima. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka minane, kwa hiyo Pijo zilizobaki nchini ni hizi hizi. Bei ya kilo imekoma. Yule wa Mazeras alinipigia simu hivi karibuni, akaniuliza kama najua kwingine ziliko, naye sasa anatafuta.

Mwanangu wa kiume, ambaye alikua akinipa tochi, sasa yuko chuo cha ufundi, na magari anayofundishwa huchomekewa kompyuta kabla ya kufunguliwa boneti. Amekuja na shauri lake: tuondoe platini, tufunge kifaa kidogo cha elektroniki ndani ya distribyuta, gari liwake kwa mguso mmoja hata siku za masika. Mzee amepinga. Anasema platini ukikwama nazo unazikwangua kwa msasa wa kiberiti unaendelea na safari, lakini hicho kidude kikifa utalala Vipingo. Wote wawili wamenigeukia mimi, na nimekuwa upande wa kijana. Gari hili limepokea bati la pipa, tairi na kabureta ya Mjapani. Sioni kwa nini lifunge mlango sasa kwa sababu tu mimi nimelipenda.

Kifaa kimefungwa wiki iliyopita na kinafanya kazi. Platini za zamani na kondensa yake ziko kwenye sanduku la dashibodi pamoja na bisibisi, maana mzee amekataa kata kata kupanda kwenda Malindi bila hizo.