Pikipiki Yangu ni Nakala, Si Bandia

Wasee wangu, leo hakuna video. Nimeamua kuandika kwa sababu kuna mambo nikiyasema mbele ya kamera nitaanza kucheka-cheka, kisha niyapitie juu juu. Haya sitaki kuyapitia juu juu.

Wengi wenu mlinijua kupitia ile klipu ya mwaka jana. Pikipiki ya rangi ya fedha, tangi refu lenye mistari myeusi, mikono ya usukani imeinama chini, kiti cha mtu mmoja chenye nundu nyuma. Imesimama kwenye barabara ya murram katikati ya mashamba ya chai hapa Manyatta, ukungu ukishuka kutoka mlimani. Juu yake nikaandika: "Norton Manx ya 1959 yapatikana Embu." Klipu ilikimbia kuliko pikipiki yenyewe. Kufikia Jumapili ilikuwa imetazamwa mara 90,000.

Ule ulikuwa uongo. Chini ya ile rangi kulikuwa na Boxer ya 150, boda iliyogongwa ikalala nyuma ya nyumba ya mwenyewe hadi kuku wakaanza kutagia kwenye kiti. Na pesa niliyoinunulia haikuwa yangu. Wacha nianzie mbali kidogo ndio mnipate.

Norton Manx ni pikipiki ya mbio iliyotengenezwa Uingereza. Ile ya 500 ina silinda moja tu. Pistoni moja pana, milimita 86, inapanda na kushuka peke yake. Mwaka wa 1950 ilipewa fremu mpya iliyobuniwa na fundi wa Belfast, Rex McCandless. Harold Daniell, mmoja wa madereva wa Norton, akasema kuikalia ni kama kulalia godoro la manyoya, na jina Featherbed likabaki hadi leo. Mwaka wa 1951 Geoff Duke alichukua ubingwa wa dunia wa 350 na wa 500 akiwa juu ya Norton. Waitaliano wakaja na injini za silinda nne, Norton ikaanza kuachwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Manx ikaacha kutengenezwa. Lakini haikufa. Mwaka wa 1969, huko Opatija, Yugoslavia, Godfrey Nash alishinda mbio za dunia za 500 kwa Manx iliyokuwa imeshazeeka. Ni kweli bingwa Giacomo Agostini hakushiriki siku hiyo. Lakini ushindi ni ushindi, na tangu hapo hakuna silinda moja nyingine iliyoshinda mbio za dunia za kiwango hicho.

Mimi niliisoma hadithi hiyo usiku, kwenye simu, nikiwa hosteli, mwaka wa pili wa chuo. Kesho yake nilikuwa na mtihani. Kilichonishika si ushindi. Ni kwamba nilijua ile injini. Nimekulia katika stegi ya boda. Hapa kwetu kila kitu kinabebwa na silinda moja: mama mjamzito, gunia la mbolea, mbuzi, mitungi ya maziwa, jeneza wakati mwingine. Ule mdundo wa tu-tu-tu mlimani ndio saa yetu ya kuamka. Nikachukua kikokotoo nikapiga hesabu. Manx ya mwisho mwisho ilitoa kama farasi 50 kutoka kwa 500 cc, yaani farasi 10 kwa kila 100 cc. Boxer ya 150 ina kama farasi 12, yaani farasi 8 na kitu kwa kila 100 cc. Kumbe boda ya hapa stegini haiko mbali sana na malkia wa mbio, ukipima hivyo. Tofauti ni kwamba Manx ilitoa hizo nguvu ikiwa imekazwa hadi mwisho na fundi akiwa kando yake, nayo Boxer inazitoa kila siku, mafuta yakiwa yamechelewa kubadilishwa na abiria wawili nyuma. Enyewe, nilijihisi kama mtu aliyegundua kwamba mbwa wake ni binamu ya simba.

Sasa tufike kwenye pesa. Mamangu anachuma chai. Ana majani ya kutosha kumchosha lakini si ya kumtajirisha. Bonasi ya mwaka ule ilipoingia, alinitumia shilingi 38,000 za karo na kodi ya chumba. Nilikuwa tayari nimechoka na chuo, sikuelewa nilichokuwa nikisomea, na badala ya kumwambia nikanyamaza. Wiki hiyo hiyo nikaenda kwa mwenye Boxer. Tukaelewana 30,000 pamoja na logbuku. Zilizobaki nikanunua rangi na msasa.

Kwa miezi minane mamangu aliamini niko darasani. Nilikuwa nikimpigia simu nikimwambia mitihani ni migumu. Nilikuwa kwenye kibanda cha jua kali mjini Embu, nimeshika grainda.

Nisijidanganye, ile miezi minane nilisoma kuliko nilivyowahi kusoma. Tangi lilitengenezwa na mzee mmoja ambaye kazi yake ni kufua majiko na masanduku. Nilimwonyesha picha, akaitazama sana, akauliza, "Hii nayo hubeba lita ngapi?" Hakuuliza ni ya nani wala ya bei gani. Tukachora umbo kwenye katoni, tukakata bati la chuma, akalilaza juu ya gunia la mchanga na kuligonga kwa nyundo ya mbao polepole mpaka likapata tumbo. Pande mbili zikachomelewa kwa gesi. Lilivuja mara tatu. Kila mara tulilijaza upepo, tukalizamisha kwenye pipa la maji na kutafuta mapovu, kama unavyotafuta pancha kwenye tyubu. Mara ya nne, maji yalitulia. Sijawahi kufurahia maji yaliyotulia namna hiyo.

Mikono ya usukani niliishusha, vikanyagio nikavirudisha nyuma, nikakata mkia wa fremu na kuchomelea kitako cha kiti. Breki ya mbele niliiacha ya dramu, kwa sababu hata Manx ilikuwa na breki ya dramu, ingawa yao ilikuwa kubwa kama sufuria ya harusi na yangu ni kama ya uji. Injini sikuigusa ila kuisafisha. Ilinguruma mara ya pili nilipoipiga teke.

Halafu nikanunua nembo. Stika ya Norton, shilingi 300. Nikaibandika kwenye tangi nililoona likizaliwa kutoka kwa katoni. Nadhani hapo ndipo nilipokosea. Kujenga hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa shilingi 300.

Klipu ilipowaka, nilipata komenti za moto, za pongezi, za wivu. Katikati yake mtu mmoja, nadhani mzee kwa jinsi alivyoandika, aliuliza maneno matatu tu: "Shafti iko wapi?"

Nilijua mara moja anachosema. Kwenye Manx, upande wa kulia wa silinda kuna mnara mwembamba wa chuma unaopanda hadi juu. Ndani yake kuna shafti inayozungusha kemshafti mbili. Huwezi kuukosa, ni kama shingo ya twiga. Injini yangu haina mnara, ina cheni iliyojificha ndani ya silinda. Yeyote aliyewahi kuona Manx ya kweli alikuwa ananicheka. Niliifuta komenti yake. Ndiyo, niliifuta. Watu 90,000 wakanisifu, na mmoja aliyeitazama pikipiki kwa macho ya fundi nikamfungia mlango.

Siku mbili baadaye jamaa mmoja wa Nairobi akanipigia. Alitaka kuinunua. Alisema atatoa 250,000 ikiwa na nembo na "hadithi yake". Nikamuuliza hadithi gani. Akasema, "Wewe unajua, ya mzungu aliyeiacha shambani." Nikamwambia ni Boxer. Akacheka, akasema anajua, lakini atakayemuuzia yeye hajui. Bila hadithi, akasema, ni 90,000.

Hiyo tofauti ya 160,000 ilikaa kichwani usiku mzima. Ingelipa karo yote ya mamangu mara nne na chenji. Na mimi nilikuwa nimeshazoea kudanganya, kwa hivyo haikuwa kwamba sijui. Lakini kila nilipofumba macho nilimwona yule mzee wa majiko. Katika ile hadithi ya mzungu, yeye hayupo. Nyundo yake haipo, mapovu kwenye pipa hayapo. Tangi lake linageuka kuwa la mtu wa Birmingham. Ningekuwa nimeuza jina lake, na sikuwa nimepewa ruhusa.

Sikuuza. Lakini msinipigie makofi bado, kwa sababu kabla sijapata ujasiri wa kuzungumza, mtoto wa jirani alimwonyesha mamangu ile klipu. Alinitambua kwa mgongo. Alinipigia simu, hakupiga kelele. Aliuliza, "Hiyo ndiyo mitihani?"

Nilirudi nyumbani siku hiyo hiyo. Sitayaandika yote tuliyozungumza. Nitasema tu kwamba hakulia kwa sababu ya pesa. Alilia kwa sababu ya zile simu za kila Jumatano, ambazo alikuwa akizisimulia kwenye kituo cha kupimia chai, akiwaambia wenzake kijana anasoma kwa bidii. Mimi nilikuwa nimembandika mamangu stika ya shilingi 300.

Kwa hivyo hii ndiyo maoni yangu, na nayaandika kwa sababu kila wiki kuna kijana ananiuliza jinsi ya kujenga yake. Nakala si aibu. Hadi leo kuna mafundi Uingereza na New Zealand wanaojenga Manx upya kutoka kwa michoro, na hakuna anayewaita wezi, kwa sababu wanasema wazi ni mpya. Wahindi walianza kuunganisha Royal Enfield kule Madras mwaka wa 1955. Kampuni ya Uingereza ikafa, wao wakaendelea, na sasa ile silinda moja ya India ndiyo Royal Enfield yenyewe. Nakala ni namna ya kujifunza kwa mikono ya mtu aliyekutangulia. Inakuwa bandia siku unapoficha mikono yako.

Ukitaka kujenga, jenga. Lakini nunua iliyo na logbuku safi, na kabla ya kuirudisha barabarani fuata utaratibu wa kubadilisha maelezo yake. Usichomelee tangi lililowahi kuwa na petroli bila kuliosha na kulijaza maji, mvuke wake peke yake unaweza kukuua. Usikate fremu karibu na shingo ya usukani. Na karo ya mzazi isiguse grainda. Kama umechoka na chuo, mwambie kwa mdomo wako, mapema, hata kama atakukasirikia. Sisemi muache chuo. Mimi niliacha, na sijui bado kama nilifanya vyema. Ninachojua ni jinsi nilivyoacha, na hiyo sikufanya vyema.

Nembo niliibandua kwa maji moto na wembe. Mahali pake kuna kipande kidogo cha shaba, kimegongwa herufi moja moja na mzee wa majiko: MANYATTA. Ile klipu bado iko, lakini nimebadilisha maandishi yake. Yule mzee wa "shafti iko wapi" nikamtafuta, nikamwomba msamaha. Alijibu kwa picha ya injini ya Manx iliyofunguliwa, mnara wote ukiwa wazi, bila neno lolote. Nimeiweka ukutani.

Sasa ninajengea watu wawili nakala zao, na mamangu nimeshamlipa 26,000. Zimebaki 12,000.

Mwezi uliopita nilimpelekea pikipiki aione. Mimi ni mtoto wake wa pili wa kiume, kwa hivyo nilipewa jina la baba yake, naye huniita Baba. Aliizunguka polepole, akagusa tangi, akakisoma kile kipande cha shaba. Nilingoja aseme ni nzuri. Akashika ile nundu ya nyuma ya kiti, akaitikisa, akanitazama.

"Baba," akasema, "na mimi niketi wapi?"

Pikipiki ya mbio haina kiti cha pili, nikamweleza. Manx haijawahi kuwa nacho. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa, akabeba kikapu chake cha chai, akashuka na njia kwa miguu.

Nundu nimeikata jana. Ninapima kiti kirefu.