Mapatano Yasiyoandikwa

Jumapili moja, baada ya Misa, tuliwaonyesha vijana wa parokia yetu hapa Goma senema ya zamani isiyo na sauti. Maneno yake yameandikwa kati ya picha, nasi tuliyasoma kwa Kiswahili ili wote wafahamu. Jina lake ni The Spoilers, yaani Waporaji. Ilitolewa Marekani mwaka 1914.

Habari yake ni hii. Roy Glenister na mwenzake mzee, Dextry, wana mgodi wa dhahabu huko Nome, katika nchi ya baridi ya Alaska. Aja McNamara, mtu wa siasa, pamoja na jaji. Wawanyang'anya mgodi kwa hati na mihuri. Tena Helen, mpwa wa jaji, apendwa na Glenister na McNamara pia. Naye Cherry, mwanamke wa nyumba ya pombe na kamari, ampenda Glenister bure. Mwishoni wanaume hao wawili wapigana ngumi hata vyombo vyavunjika. Vijana wakapiga makofi. Nasi, tuseme kweli, tuliacha kusoma, tukashangilia.

Lakini habari hiyo haikutungwa yote. Dhahabu ya Nome ilipatikana mwaka 1898, miaka 5 kabla ya ile ya Kilo katika Ituri yetu. Mwaka 1900 Alexander McKenzie alifika Nome na jaji Arthur Noyes, na mara migodi bora ikawa mikononi mwake. Wenye mali hawakuipata tena kwa ngumi. Walipeleka shauri kwenye mahakama ya rufani kule San Francisco, na McKenzie akafungwa, ingawa rais alimsamehe mwaka 1901.

Watu walipotawanyika, kijana mmoja alibaki ameketi. "Mwalimu," akasema, "Glenister ni mimi."

Tulimwelewa. Miaka miwili kabla, yeye na rafiki yake walitujia wakitaka kwenda Walikale kuchimba dhahabu. Huyu alitoa fedha aliyoiweka kwa ajili ya mahari. Mwenzake alitoa vyombo. Walituomba tuwaandikie mapatano. Tukacheka: "Ninyi mlipokea Komunyo ya kwanza siku moja, neno lenu latosha." Kumbe tulikuwa na haraka tu. Shimo lilipotoa dhahabu, rafiki alidai kwamba fedha ile ilikuwa mkopo mdogo. Tena amekwisha kupeleka mbuzi wawili kwa baba wa binti yule yule.

"Nikampige, Mwalimu?"

Tuliona haya, kwa maana makofi yetu yalikuwa hayajapoa. Tukamjibu: "Twende kwake pamoja. Sisi tutakuwa wa kwanza kukiri kosa."

Kesho yake tulikiri, mbele ya wazee wawili wa shirika. Rafiki alinyamaza kitambo, kisha akataja hesabu yenyewe. Safari hii tuliandika: kiasi, tarehe, sehemu tatu za kulipa, na majina ya mashahidi. Sehemu ya kwanza imelipwa. Ya pili twaingoja. Habari ya binti hatukuiandika, kwa kuwa yeye si fungu la shimo. Atasema mwenyewe anayemtaka.

Wasomaji wapenzi, mkishirikiana shimo, duka au mtumbwi, andikeni siku ile mnayopendana. Upendano haupungui kwa kuandikwa. Na siku ya ugomvi hakuna atakayeshika kalamu.