Vibarua wa Kiwanja cha Maskini

Nikitaja chama cha wafanyakazi mbele ya wenzangu wa kazi za mtandaoni, jibu huwa lile lile: hayo ni mambo ya wazee wetu, waliokuwa na ajira ya kudumu na mshahara wa mwisho wa mwezi. Sisi tunalipwa kwa sentensi. Nimesahihisha tafsiri miaka miwili kwa kampuni ambayo sijawahi kuuona mlango wake, na akaunti yangu ilipofungwa sikuwa na wa kumuuliza. Sasa utamgomea nani?

Swali zuri. Ila linachukulia kwamba ajira ya kudumu ndiyo ilitangulia, chama kikafuata. Mombasa mambo yalikwenda kinyume. Januari 13, 1947, wafanyakazi wapatao 15,000 waliweka zana chini, na wengi wa wale wa bandarini walikuwa vibarua wa kutwa. Leo unabeba magunia ya huyu, kesho ya yule, keshokutwa hupati kitu. Hawakuwa na tajiri mmoja wa kumdai. Lakini watu wa reli waligoma nao, wa hoteli pia, hata wapishi wa majumbani (hao nao, tajiri wao alikuwa nani?). Mgomo ulidumu siku 12. Walikusanyika kwenye uwanja uliojulikana kama Kiwanja cha Maskini. Agosti mwaka huo huo serikali ikamkamata kiongozi wao, Chege Kibachia, ikampeleka Baringo. Kuandikishwa kwa makuli kulikuja baadaye, miaka ya hamsini, serikali ilipoona vibarua wasio na cha kupoteza ni hatari zaidi.

Kwa hiyo sikushangaa Mei 1, 2023, wachujaji wa maudhui zaidi ya 150 walipokutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Hawa ndio hutazama picha za mauaji ili wewe usizione kwenye simu. Ila wengi wao walikuwa wamewahi kukaa ofisi moja. Walijuana kwa sura. Sisi wa kulipwa kwa sentensi kiwanja chetu kiko wapi?

Kwa sasa ni kundi la WhatsApp la watu 19. Juzi mmoja aliuliza kila mtu analipwa kiasi gani. Kimya kutwa nzima. Usiku watatu wakajibu, na hakuna viwango viwili vilivyolingana.